Mukuru: Hesabu ya Kumi Kumi Iliyochora Ramani

Viongozi hupenda kusema kwamba wananchi walishirikishwa. Swali la mchambuzi ni: walishirikishwa vipi? Katika mitaa ya mabanda ya Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani, mashariki mwa Nairobi, swali hilo lina jibu linaloweza kukaguliwa.

Hatua ya kwanza ya kuipanga upya mitaa hiyo ilikuwa ya kisheria. Agosti 2017, Serikali ya Kaunti ya Nairobi iliitangaza Mukuru kuwa eneo maalum la mipango. Chini ya sheria ya wakati huo, tangazo la aina hiyo liliruhusu ujenzi mpya kusimamishwa kwa muda usiozidi miaka miwili ili mpango uandaliwe. Bila hilo, mpango ungekuwa unachorwa huku orofa mpya zikichipuka juu ya njia zilizopendekezwa. Tangazo lenyewe halikuja kama zawadi. Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, pamoja na mashirika na vyuo vikuu washirika, ulikuwa umekusanya takwimu zilizoonyesha kwamba mkazi wa Mukuru hulipia maji na umeme ghali kuliko anayeishi katika mitaa rasmi, tena kwa huduma duni zaidi.

Hatua ya pili ndiyo kiini cha kazi. Mukuru ina familia zaidi ya 100,000. Ukiita mkutano wa hadhara, watakaosikika ni wenye sauti kubwa na wenye nyumba za kukodisha. Mpangaji anayeshinda kibaruani viwandani hatafika. Kwa hiyo familia ziligawanywa katika vikundi vya kumi, vikundi kumi vikaunda kundi la familia mia moja, na makundi hayo yakaunganishwa katika kanda. Hoja ilianzia kwa majirani wanaojuana, kisha ikapanda ngazi kupitia wawakilishi.

Wataalamu nao walipangwa kwa mada: maji na majitaka, afya, elimu, ardhi, fedha, mazingira, makazi na miundombinu. Mashirika zaidi ya 40 yalihusika. Kila timu ilipeleka mapendekezo yake kwa wakazi na kurudi na masahihisho.

Mvutano mkubwa ulikuwa upana wa barabara. Vipimo vya kawaida vya mipango miji vilibuniwa kwa ajili ya viwanja vipana. Vikifuatwa Mukuru, ambako chumba cha mabati kimeegemea kingine, sehemu kubwa ya wakazi ingelazimika kuhama. Wakazi walikubali kupoteza baadhi ya vyumba ili gari la zimamoto lipite, lakini wakadai njia nyembamba kuliko kanuni. Hapo ndipo ushirikishwaji ulipopata meno, kwa sababu kanuni ndiyo iliyopindishwa imfae mkazi.

Mantiki hiyo hiyo iliongoza uchaguzi wa mfumo rahisi wa majitaka, uliostawi Brazil tangu miaka ya 1980. Mabomba yake ni membamba, hulazwa kwenye mitaro isiyo na kina kirefu na kufuata vichochoro, hivyo hayahitaji barabara pana wala mitambo mizito. Idara ya Huduma za Jiji la Nairobi, NMS, ilipoundwa mwaka 2020, ilikuta mapendekezo tayari na kuanza kujenga barabara, mifereji, mabomba na vituo vya afya.

Kasoro kubwa ilibaki kwenye ardhi. Sehemu kubwa ya Mukuru ina hati za watu na kampuni binafsi, na mpango haukuwa na uwezo wa kuzifuta. Mwishoni mwa mwaka 2021, matingatinga yalibomoa makazi ya maelfu ya watu Mukuru kwa Njenga kupisha barabara. Wapangaji, ambao ndio wengi, bado wamo hatarini kodi ikipanda mtaa unapopendeza.

Hukumu yangu ni kwamba mbinu ya Mukuru ilifaulu kama mbinu ya kupanga, na ikakwama pale ambapo mipango huishia na umiliki huanzia. Kaunti inayotaka kuiga mfano huu ichukue hesabu ya kumi kumi na ujasiri wa kulegeza vipimo. Lakini mazungumzo ya hati na ya kodi ya nyumba yaanze siku ile ile tangazo linapochapishwa, kabla lami haijamwagwa.