Koperative ni yetu, lakini siku ya mkutano tuko wapi?



Kila mara tukizungumza juu ya koperative za akiba na mikopo, zile tunaita COOPEC, tunaishia kwenye malalamiko yale yale. Mstari mrefu ku gishe. Interesi ya juu. Ajenti wa mikopo anakufuata mpaka nyumbani, jirani wanaangalia. Halafu mmoja wetu, mara nyingi mwenye lisansi ya ekonomia, anafunga mazungumzo: "Koperative ni mambo ya ba mama wa soko. Sisi tunahitaji benki ya kweli." Mimi nilisoma kilimo, si ekonomia, lakini sentensi hiyo nataka kuijibu leo. Naona ndani yake hatari kubwa kuliko mstari wa gishe.

Tuanze na jambo ambalo wengi tunasahau. Kwenye benki ya kawaida wewe ni mteja. Kwenye COOPEC, siku ulilipa hisa yako na kupewa karne, uliingia kama mwenye nyumba. Anayeweka dola 20 na anayeweka dola 20,000, siku ya mkutano mkuu kila mmoja ana sauti moja. Kanuni hiyo ni ya zamani. Wafumaji wa Rochdale kule Uingereza waliifuata kwenye duka lao la mwaka 1844. Raiffeisen alianzisha vyama vya mikopo kwa wakulima wa vijiji vya Ujerumani. Mwaka 1900, Alphonse Desjardins alianzisha chama chake katika mji wa Lévis, Québec. Nchi tatu, hadithi moja: watu ambao benki kubwa ilikuwa haiwaoni waliunganisha kidogo chao, wakakopeshana.

Kwetu Kivu, mambo haya yalishika mizizi wakati wa Zaire, na parokia zilisaidia sana. Walimu, wafanyakazi wa viwanda, wachuuzi na wakulima waliingia, na koperative za mkoa zikaungana chini ya COOCEC-Kivu. Angalia hata majina. COOPEC Nyawera inabeba jina la mtaa, halina la tajiri. Bagira yetu nayo ilikuwa udongo mzuri kwa kitu cha namna hiyo. Nyumba za OCA zilijengwa miaka ya 1950 kwa watu wa kazi, watu wenye mshahara mdogo wa mwisho wa mwezi. Mtu kama huyo ndiye koperative ilitengenezewa.

Sasa juu ya nini wazazi wetu wengi wanasema "koperative ilikula feza yetu"? Hapa tuwe waangalifu, maana makosa ya wasimamizi yalikuwako, lakini mlaji mkubwa alikuwa mwingine. Tarehe 25 Desemba 1979, serikali ya Mobutu ilifuta noti za 5 na za 10 zaire, ikatoa siku chache tu za kubadilisha. Miaka ya 1990 bei zikapanda kila siku. Mwaka 1993 ikaja zaire mpya: moja yake ilikuwa sawa na zaire 3,000,000 za zamani. Mwaka 1998 ikaja franka ya Kongo: moja ilikuwa sawa na zaire mpya 100,000. Piga hesabu mwenyewe. Franka moja ilimeza zaire 300,000,000,000 za zamani. Mama aliyeweka akiba ya miaka kumi kwenye karne yake alibaki na karne tu. Hakuna mwizi aliyevunja sanduku. Thamani ya feza ndiyo iliyotoroka.

Juu ya ile jeraha, leo akiba nyingi inawekwa kwa dola. Na tangu sheria ya Februari 2002 juu ya koperative za akiba na mikopo, Banki Kuu ya Kongo ina mamlaka ya kuruhusu COOPEC, kuikagua na kuifunga. Ni vizuri. Lakini wengi tulielewa vibaya. Tuliona kwamba sasa Kinshasa inakagua, sisi tupumzike. Mkaguzi anaangalia kama vitabu vinalingana na sheria. Hawezi kuuliza kwa nini mikopo yote inaenda kwa wafanyabiashara wa bidhaa za Dubai na mkulima wa Kabare hapati kitu. Swali hilo ni la mwenye nyumba.

Wale wanaotaka "benki ya kweli" wavuke Ruzizi kidogo. Rwanda, mwaka 1975, ilianza Banque Populaire ya kwanza huko Nkamba, upande wa Kibungo, kwa msaada wa Uswisi. Ilikuwa koperative ya wakulima kabisa, kisha ikaenea nchi nzima. Mwaka 2008 ikageuzwa benki ya biashara na Rabobank ya Uholanzi ikaingia na asilimia 35. Mwaka 2016 Atlas Mara ikachukua sehemu kubwa ya hisa. Mwaka 2021 ikauza sehemu yake kwa KCB ya Kenya. Leo inaitwa BPR Bank Rwanda. Ni benki yenye nguvu, sibishi. Lakini mjukuu wa mkulima wa Nkamba akitaka kubadilisha jambo, atasimama ku gishe kama mteja mwingine yeyote. Uamuzi mkubwa unachukuliwa na mwenye hisa nyingi, na mwenye hisa nyingi yuko Nairobi.

Je, kila koperative inayokua lazima iishie hapo? Hapana. Co-operative Bank of Kenya iliandikishwa mwaka 1965, ikafungua milango mwaka 1968, ikaingia soko la hisa la Nairobi mwaka 2008. Lakini kabla ya kuingia, vyama vya ushirika viliweka hisa zao pamoja katika chama kimoja cha ushirika, na chama hicho kimebaki na karibu asilimia 64 ya benki. Kwa hiyo ukubwa peke yake hauui koperative. Apu ya simu haiui, jengo la vioo haliui. Kinachoua ni siku wanachama wanaacha sauti yao mezani na mwingine anaiokota.

Sasa nirudi kwa COOPEC zetu, maana nazo sizisafishi. Nitasema ninachokijua, kilimo. Maharagi tunapanda Septemba, tunavuna mwisho wa mwaka. Muhogo ku milima yetu unataka mwaka mmoja au zaidi. Kahawa changa inataka miaka kama mitatu kabla ya kukupa kitu. Lakini mkopo wa kawaida unadai malipo ya kwanza baada ya siku 30. Siku 30! Maharagi hayajatoa hata ua. Mkulima analipa na nini? Anauza mbuzi, ao anachukua deni ingine kwa jirani ili alipe deni ya koperative. Halafu tunaandika kwenye ripoti kwamba "wakulima ni wateja wabaya". Hapana bandugu, kalenda ndiyo mbaya. Ilitengenezwa kwa mtu anayeuza sukari kila siku, tukamvalisha mtu anayevuna mara mbili kwa mwaka. Kuibadilisha hakuhitaji msaada wa nje: malipo yafuate msimu A na msimu B, na interesi ihesabiwe sawasawa mpaka mavuno.

Tuangalie vilevile muso, hizi za ba mama wa mtaa. Zina masanduku matatu. La kijani ni la kukopeshana. Jekundu ni la ugonjwa na matanga. La buluu linapokea feza kutoka nje. Kila juma wanahesabu mbele ya wote, na asiyejua kusoma anaona noti kwa macho yake. Februari 2025, M23 ilipoingia Bukavu, benki zilifunga na keshi ikawa ngumu kupatikana. Mwenye akaunti nzuri na mwenye akaunti mbaya wakawa sawa. Muso kadhaa za mtaani kwetu ziliendelea kukutana, na sanduku jekundu likalipia dawa na majeneza. Sisemi muso inatosha. Sanduku linaweza kuibiwa usiku mmoja, na dola 50 haijengi kiwanda cha unga. Nasema muso ina kitu COOPEC ilikuwa nacho ikakipoteza: kila mwanachama anajua feza iko wapi.

Na hapa ndipo lawama inatuangukia sisi wasomi. Niliwahi kukaa katika mkutano mkuu wa koperative moja ya mji huu. Ripoti ya kurasa nyingi ilisomwa kwa Kifaransa, mbiombio, na nusu ya waliokuwa ndani wanazungumza Kiswahili na Mashi. Mwisho mwenyekiti akauliza, "Tunapitisha?" Mikono ikapanda. Baadaye mama mmoja akaniuliza, "Mwanangu, tumepitisha nini?" Ile saa nilitafuta kwa macho watu wa kizazi changu wenye lisansi. Tulikuwa wanne. Wengine wana karne kama mimi, lakini walikuwa nyumbani wakiandika ku simu kwamba koperative haina maana.

Sasa mimi naomba vitu vitatu tu. Kwanza, mwenye karne aende mkutano mkuu, na aombe ripoti siku chache kabla. Pili, asome kurasa mbili: ile ya mikopo isiyolipwa, na ile ya mikopo iliyopewa wasimamizi na jamaa zao. Hizo mbili ndizo zinaua koperative, kurasa zingine zinaweza kusubiri. Tatu, mmoja wetu ajitolee kwa kamati ya ukaguzi, na mwingine asimame aeleze ripoti kwa Kiswahili kabla mikono haijapanda.

Tukikataa, tusishangae siku moja tukiamka na kukuta jengo limepakwa rangi mpya, jina jipya, mwenye hisa mpya. Atatukaribisha vizuri sana, atatuita "wateja wetu wapendwa". Na atakuwa amesema kweli, maana tutakuwa tumebaki wateja tu.

Wale wa Bagira wenye karne, tuandikiane hapa chini. Tuanze na ripoti ya mwaka jana.