Kiraka, Pandikizo na Ngozi ya Kikonyo

Rasimu ya istilahi za upasuaji iliyoletwa mezani petu inatumia neno moja, kiraka, kwa kila ngozi inayotolewa mahali pengine ili kufunika jeraha la kidole. Neno ni fupi, nalo hueleweka upesi. Kasoro yake ni kwamba limebeba mambo mawili yasiyofanana.

La kwanza ni ngozi iliyokatwa ikatengana kabisa na mahali pake, kama vile vipande vidogo alivyotumia Reverdin mwaka 1869. Ngozi hiyo haina damu yake. Haina budi kuipata katika jeraha lenyewe. Ikiwekwa juu ya mfupa mtupu, au kano iliyovuliwa utando wake, hufa. Hapa twashikilia pandikizo. Mkulima hung'oa mche kitaluni, akaupandikiza, kisha akangoja aone kama umeshika. Kiraka cha nguo hakingojewi kushika.

Kugawa viraka kuwa vyembamba na vinene ni haki, kwani ngozi nyembamba hunywea zaidi ipoonapo na huweza kukipinda kidole. Ila "kinene" hakisemi kwamba ngozi imechukuliwa unene wake wote. Pandikizo la ngozi kamili lingefaa zaidi.

La pili ndilo lililotufanya tuandike. Katika njia waliyoieleza Gurdin na Pangman mwaka 1950, ngozi ya mgongo wa kidole jirani hufunuliwa mithili ya ukurasa, ikalazwa juu ya jeraha huku ukingo wake mmoja ungali umeshikamana na kidole kilichoitoa, nako ndiko ipatako damu. Vidole hivyo hufungwa pamoja kwa majuma mawili hadi matatu, ndipo ukingo ukatwe. (Napo palipofunuliwa huwekwa pandikizo, kwa rasimu hii, mgonjwa huyo ana viraka viwili, na muuguzi hajui kipi ni kipi.) Mgonjwa aliyeambiwa ametiwa kiraka atadhani kazi imekwisha, akivitenganisha vidole mapema, ngozi yaweza kufa.

Twapendekeza ngozi ya kikonyo, maana tunda hulishwa kwa kikonyo chake hadi lichumwe. Mwenzetu mmoja alipinga kwamba neno hilo ni la bustanini. Na kupandikiza je, kulitoka wapi?

Twawaomba madaktari na wauguzi walijaribu neno hili wodini, hasa wanapomweleza mgonjwa kabla hajatia sahihi ya ridhaa, nao watuandikie kabla rasimu haijarudi mezani.