Noti Isiyo na Chenji

Peasi bivu, limeumwa mara moja tu, limetupwa mtaroni na mtoto anayevutwa mkono na yaya wake. Mahali ni Portland Place, London, saa nne ya asubuhi. Anayelikodolea macho ni kijana wa Kimarekani wa miaka 27, Henry Adams, ambaye siku nzima iliyopita hakutia kitu tumboni. Kila akitaka kuinama, mpita njia anatokea, naye anajiweka sawa na kutazama pembeni kana kwamba hajawahi kuwa na shida ya matunda maishani mwake.

Hadithi ya Mark Twain kuhusu noti ya pauni milioni moja ilitoka katika jarida la The Century, Januari 1893, na wengi wanaoikumbuka wanaikumbuka kwa ile noti. Mimi husimama kwanza kwenye peasi. Kabla pesa haijatajwa, mwandishi ameshatuonyesha hasa jambo atakalolichekesha hadi mwisho: njaa ya Henry ni kubwa, lakini macho ya watu ni makubwa kuliko njaa. Hakuna anayemzuia kuokota tunda lile. Anajizuia mwenyewe kwa sababu anatazamwa. Ukishakubali hilo, umeshakubali kila kitu kitakachofuata, hata yale ambayo kwa akili ya kawaida hayawezekani.

Anaitwa ndani ya nyumba ya kitajiri. Ndugu wawili wazee wamewekeana dau la pauni 20,000. Benki Kuu ya Uingereza, kwa mujibu wa hadithi, ilitoa noti mbili za pauni milioni moja kwa ajili ya shughuli fulani ya serikali, na moja imebaki. Mmoja anasema mtu maskini na mwaminifu akipewa noti hiyo peke yake, asijulikane na mtu London, atakufa njaa. Mwenzake anasema ataishi siku 30, tena bila kutiwa ndani. Wanamkabidhi bahasha, wanamwonyesha mlango, kisha wanasafiri. Henry anatoka mbio kulifuata peasi lake. Halipo.

Tazama kanuni ya mchezo ilivyokazwa. Noti ni halali, lakini haichenjiki. Akiipeleka benki ataulizwa ameipata wapi, na akisema kweli ataonekana mwendawazimu, akisema uongo ataonekana mwizi. Hawezi kuitupa wala kuigawa. Twain amempa shujaa wake utajiri wote wa dunia kisha akamfunga mikono, na hadithi yote inatoka kwenye fundo hilo moja. Waandishi wengi wa vichekesho hurundika matukio, lakini yeye alibuni tukio moja tu, akaliachia lijizalie mengine.

Kwetu sisi noti kubwa ni balaa. Mpe konda wa daladala elfu kumi alfajiri uone atakavyokupokea: atakuuliza kama umeona benki hapa, na abiria watageuka kukutazama kama mtu aliyekusudia fitina. Kwa Twain mambo yanakwenda vivyo hivyo hadi mahali fulani, halafu yanapinduka. Noti ikiwa kubwa kiasi, unatukanwa. Ikiwa kubwa kupita kiasi, unainamiwa. Bwana Harris, mwenye kimgahawa cha bei poa ambako Henry ameshakula kabla ya kuikunjua noti na kuitazama, anaikodolea macho noti ile akiogopa hata kuigusa, kisha anamwomba mteja wake asiwe na haraka ya kulipa. Baada ya siku chache anamkopesha na fedha taslimu za matumizi, na mgahawa wake unajaa watu kwa kuwa tajiri wa ajabu hunywa chai pale.

Lakini kilele cha ufundi kiko kwenye duka la nguo. Henry ameingia na matambara yake, anaomba suti yoyote iliyokataliwa na mteja. Muuzaji mmoja anamwelekeza kwa mwingine kwa kutikisa kichwa, huyo naye kwa mwingine, mpaka anamfikia Tod, ambaye anamchagulia suti mbaya kuliko zote dukani. Henry anaomba kulipa baadaye kwa sababu hana pesa ndogo. Tod anajibu kwa kejeli kwamba bwana kama yeye bila shaka hutembea na noti kubwa kubwa tu. Henry, kwa upole kabisa, anamwambia si vizuri kumpima mtu kwa mavazi, kisha anatoa ile noti.

Mwandishi wa kawaida angesema Tod alishtuka, akaendelea. Twain anasimama kwenye uso wa Tod. Tabasamu limeshaanza, haliwezi kurudi. Limetanda uso mzima, na linapoiona noti linaganda hapo hapo lilipofika. Anatumia sentensi ndefu inayojikunja na kujikunjua, na urefu wenyewe ndio mzaha, kwa sababu msomaji analazimika kungoja pamoja na tabasamu lile lisilojua liende wapi. Mwenye duka anakuja kuuliza kuna nini. Anaiona noti, anapiga mluzi, anamvua Henry zile nguo mbovu, anamvisha nyingine, anampima mabega na miguu kwa ajili ya suti za asubuhi, za jioni, mashati na kila kitu, huku akimfokea Tod kwamba siku zote anawafukuza mamilionea dukani kwa kuwa hajawahi kujua kumtofautisha milionea na mzururaji. Mwenyewe haoni alichokisema. Henry haoni, au anajifanya haoni. Twain hasemi neno.

Kimya hicho ndicho ninachokisifu. Miaka miwili baadaye, mwaka 1895, Twain aliandika makala kuhusu namna ya kusimulia hadithi, akaeleza kwamba kisa cha kuchekesha husimuliwa kwa uso mkavu, msimulizi asionyeshe hata kidogo kuwa anahisi kuna cha kuchekesha. Wasimulizi wetu wa barazani walilijua hilo bila makala. Yule anayecheka kabla ya kufika mwisho wa kisa chake huwa ameshakiharibu, na wasikilizaji humsaidia kucheka kwa heshima tu. Henry Adams anasimulia maajabu yaliyompata kwa sauti ya karani anayesoma hesabu za mwezi. Na kweli ni karani: kule San Francisco alifanya kazi kwa dalali wa hisa za migodi. Ndiyo maana katikati ya kusujudiwa kote anapiga hesabu, madeni yasizidi mshahara wa kazi aliyoahidiwa na mmoja wa wale wazee akishinda dau. Anakopa kama tajiri, anahesabu kama maskini.

Karamu kwa balozi wa Marekani naipita haraka, ingawa ina mzaha mmoja mzuri: wageni wenye vyeo wanabishania nani atangulie na nani akae wapi, hadi chakula kinashindikana. Atakayeshangaa ni aliyetoka mbali tu, maana waalikwa wengine walishakula makwao. Walijua itakuwa hivyo. Aliyewahi kuona watu wazima wakivutana kimyakimya kwa ajili ya viti vya mbele kwenye harusi hahitaji maelezo ya ziada.

Jina la Henry ndilo linaloleta fedha ya kweli. Rafiki yake Lloyd Hastings amekuja London kuuza hisa za mgodi, amekwama, anaomba Henry anunue. Henry hawezi kununua hata tofali. Anamwambia atumie jina lake tu: aseme kwamba Henry Adams anaujua mgodi ule na anaudhamini. Mwezi ukiisha kila mmoja ana dola milioni moja, kama pauni 200,000 kwa thamani ya wakati ule. Twain alijua alichokiandika. Miaka ya 1860 aliishi Nevada katikati ya homa ya fedha, ambako hisa za migodi ambayo haijachimbwa zilibadilishana mikono kwa maneno matupu, na yeye mwenyewe alikuwa nazo.

Huku kwetu kisa cha aina hii ni cha zamani. Katika ile hadithi ya Sultani Darai, ambayo Edward Steere aliichapa London mwaka 1870 baada ya kuikusanya Zanzibar, maskini Hamdani anayeparura jaani ananunua paa kwa thumuni. Paa anaokota almasi, anampelekea sultani mmoja kama zawadi kutoka kwa Sultani Darai, jina ambalo amelitunga njiani. Halafu anampiga bwana wake fimbo ili aseme ameporwa, na sultani mzima anatuma nguo na farasi kwa mtu asiyemjua. Msimulizi wa Zanzibar ni mkali kuliko Twain: Hamdani anamsahau paa aliyemtajirisha, na mwisho anajikuta amerudi jaani akiparura. Henry haadhibiwi kwa lolote. Nadhani hapo Waswahili wanamshinda Mmarekani. Sehemu ya mwisho ya Twain, pamoja na Portia mpole, msichana anayependwa na Henry, ambaye babake wa kambo anageuka kuwa ndiye mzee aliyeshinda dau, ina sukari nyingi.

Waliotengeneza filamu ya hadithi ya Twain mwaka 1954, Gregory Peck akiwa Henry, nadhani walihisi upungufu huo, kwa hiyo wakaifanya noti ipotee na wadai wakamvamia. Inasisimua. Ila inavunja fundo. Noti ikipotea, watu wana sababu ya kukasirika. Katika maandishi noti ipo muda wote, haijapungua hata peni, na hakuna anayekosea kitu isipokuwa kuinama.

Kitabu kilichobeba hadithi hii kilichapwa mwaka huo huo wa 1893 na Charles L. Webster na Kampuni, ambayo mwenyewe halisi alikuwa Twain. Alikuwa Ulaya na familia yake kwa kubana matumizi, huku mashine ya kupanga herufi aliyowekeza ikiendelea kumla. Aprili 1894 kampuni ikafilisika. Wadai wake hawakumwambia asiwe na haraka. Alizunguka dunia akisimama jukwaani usiku baada ya usiku, uso mkavu, akiwachekesha watu waliolipa kiingilio, na kufikia 1898 alikuwa amelipa madeni yote.