Maendeleo ya Sayansi ni ya Nani? Uhakiki wa "Hoja ya Panga" kwa Mfano wa Mkonge

Swali la kama maendeleo ya sayansi na teknolojia huleta manufaa kwa binadamu siku zote linarudi kila mwaka katika madarasa yetu ya siasa, na kila mwaka linajibiwa kwa namna tatu. Jibu la kwanza ni ndiyo, kwa sababu sayansi ndiyo iliyoleta chanjo, umeme na reli. Jibu la pili ni hapana, kwa sababu sayansi hiyo hiyo ndiyo iliyoleta bomu la Hiroshima, sumu katika mito na mashine zinazomnyang'anya mfanyakazi kazi yake. Jibu la tatu, ambalo makada wengi hulipenda, ni kwamba sayansi ni kama panga. Mkononi mwa mkulima panga linafyeka shamba, mkononi mwa jambazi linaua. Kwa hiyo, wanasema, jambo la kuuliza ni nani amelishika panga, basi.

Makala hii inakusudia kuihakiki hoja hiyo ya tatu. Majibu mawili ya kwanza hayahitaji wino mwingi, kwa maana yanaitazama sayansi kana kwamba inaishi nje ya jamii. Hoja ya panga inahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu nusu yake ni kweli, na kwa sababu sisi wakufunzi wenyewe tumeifundisha kwa miaka mingi. Tutaipima kwa zao ambalo historia yake imeandikwa katika ardhi yetu na katika migongo ya watu wetu, yaani mkonge.

Mkonge uliitwa na mashine

Mwaka 1893 mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, aliyekuwa akiitumikia Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida kupitia Hamburg. Miche 62 tu ndiyo iliyofika ikiwa hai, nayo ikapandwa karibu na Pangani. Kutokana na miche hiyo yakaota mashamba ya Tanga, Korogwe, Kilosa, Morogoro na Lindi.

Lakini kwa nini mkonge, na kwa nini wakati ule? Jibu haliko Pangani. Liko katika mashamba ya ngano ya Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1870 Mmarekani mmoja, John Appleby, alibuni chombo cha kufunga fundo la kamba ndani ya mashine ya kuvunia. Kazi ya kufunga miganda, iliyokuwa ikifanywa na mikono mingi, ikaanza kufanywa na mashine. Kila mganda ukahitaji kipande cha kamba, na miganda ilikuwa mamilioni kwa mamilioni. Ndipo mabepari wa Ulaya na Marekani walipoanza kuitafuta nyuzi ngumu kila pembe ya dunia.

Ni dhahiri, basi, kwamba uvumbuzi uliompunguzia jasho mkulima wa Marekani ulikuja kuongeza jasho la mtu wa Njombe, wa Songea, wa Kigoma, wa Msumbiji, wa Rwanda na wa Burundi. Hao ndio waliotolewa makwao kwa mikataba, wakapewa namba kama mizigo, wakaitwa manamba, wakafanya kazi kwa kipande cha siku 30. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda ofisi yao ya pamoja ya kuwatafuta vibarua hao, iliyojulikana kama SILABU. Mashine haikufuta kazi ngumu. Iliihamisha kutoka bara moja hadi jingine.

Mashine iliyokuja na kambi yake

Hapa hoja ya panga inaanza kuyumba. Mtetezi wake atasema: kosa halikuwa la mashine, bali la mkoloni na bepari waliozimiliki. Mnyang'anye bepari, mkabidhi mfanyakazi, na unyonyaji utakoma.

Tuitazame mashine yenyewe. Jani la mkonge husagwa kwa korona, ambayo hulikwangua na kuacha singa. Korona kubwa humeza majani kwa wingi mno, nayo haiwezi kusubiri. Jani likishakatwa lisipopitishwa mapema hukauka na singa huharibika. Kwa hiyo korona hudai ekari nyingi za mkonge zilizo karibu nayo, njia za kusombea majani, maji mengi ya kuoshea, na jeshi la wakataji wanaoamka alfajiri moja na kufikisha kiasi kilichopangwa. Kwa maneno mengine, korona hudai shamba kubwa, na shamba kubwa hudai kambi, mnyapara na kipande. Panga unaweza kulihamisha kutoka mkono mmoja hadi mwingine likabaki panga lile lile. Korona haihamishwi hivyo, kwa sababu imekuja na mpangilio wake wa watu.

Wafanyakazi wa mkonge walilijua hilo kabla yetu. Mgomo mrefu wa Mazinde mwaka 1958 ulikuwa sehemu ya mapambano ya wafanyakazi katika miaka ya kudai uhuru. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, sehemu kubwa ya mashamba ilitaifishwa. Hatua hiyo ilikuwa ya haki, na hatuna sababu ya kuionea haya. Lakini lazima tuseme ukweli: siku ya pili yake korona ilianza kunguruma saa ile ile, mkataji aliamka saa ile ile, na mnyapara aliandika kipande kwa kalamu ile ile. Mmiliki alibadilika. Mahusiano ya kazi hayakubadilika kwa kiasi hicho, kwa maana tulirithi mashine bila kuuliza iliundwa kwa ajili ya jamii ya namna gani.

Pigo kutoka maabara

Mwaka 1954 huko Italia, mwanakemia Giulio Natta alifanikiwa kutengeneza polipropilini, aina ya plastiki itokanayo na mafuta ya petroli. Mwaka 1963 yeye na Mjerumani Karl Ziegler walipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia. Katika muda mfupi plastiki hiyo ikawa kamba, na kamba hiyo ikaingia katika mashamba yale yale ya Ulaya na Marekani yaliyokuwa yakinunua katani yetu.

Mwaka 1964 Tanzania ilizalisha tani 230,000 hivi za katani, ikiwa ya kwanza duniani. Baada ya hapo bei ikaporomoka. Mwishoni mwa miaka ya 1990 uzalishaji ulikuwa umeshuka hadi tani 20,000 hivi, yaani chini ya moja ya kumi. Nyuma ya tarakimu hizo kuna kambi zilizobomoka, reli zilizoota nyasi, na wazee waliozeeka mbali na makwao bila shamba na bila nauli.

Je, ugunduzi wa Natta ulikuwa maendeleo? Kwa mkulima wa Ufaransa aliyepata kamba rahisi, ndiyo. Kwa mkata mkonge wa Korogwe, ulikuwa barua ya kuachishwa kazi iliyoandikwa Milano. Natta hakumchukia mkata mkonge, hakumjua. Na hapo ndipo penye kiini cha jambo. Mfumo wa ubepari hauhitaji chuki ili kuangamiza, kwa sababu unahesabu faida ya anayenunua na anayeuza, na yule asiyekuwamo katika hesabu hiyo haonekani.

Wala hesabu yenyewe haikuwa kamili. Kamba ya katani ikitupwa shambani huoza ikawa udongo. Kamba ya plastiki haiozi. Mifugo huila, mito huibeba, bahari huipokea. Gharama hiyo haikuandikwa katika bei. Imelipwa baadaye na watu wengine, nasi tukiwamo, hata ikabidi Tanzania Bara ipige marufuku mifuko ya plastiki kuanzia Juni 2019. Na mwaka 1974, bei ya mafuta ilipokuwa imepanda, bei ya katani nayo ikapanda kwa muda. Ushindi wa plastiki, basi, ulitegemea pia bei ya pipa la mafuta.

Tujikosoe

Itakuwa rahisi kwetu kuishia hapo na kuulaumu ubeberu. Lakini kada asiyejikosoa hafundishi, anahubiri tu. Plastiki iliyoipiga Tanzania iliipiga pia Brazili, na hata hivyo ni katika miaka hiyo hiyo Brazili ilitupita ikawa ya kwanza duniani, nafasi inayoishikilia hadi leo. Hatukupanda upya mashamba kwa wakati. Vipuri vya korona vilikosekana. Urasimu wa mashirika uliwafanya mameneja watazame ofisini Dar es Salaam kuliko shambani.

Lililo zito zaidi ni hili. Katika kila kilo 100 za majani, katani kavu ni kilo 4 hivi tu. Kilo 96 ni maji na makapi, na kwa miaka mingi tuliyaacha yaende mitoni, yakachafua maji ya vijiji. Hatukukosa wataalamu. Kituo cha utafiti cha Mlingano, karibu na Muheza, kilikuwa kimezalisha mbegu chotara namba 11648, inayotoa majani zaidi ya mara mbili ya mkonge wa kawaida, mbegu iliyofika hata nchi za mbali. Kwa hiyo haikuwa kweli kwamba Mwafrika au ardhi yake havina sayansi. Lakini utafiti uliwekwa kulitumikia swali moja tu, kupata singa nyingi zaidi kwa ajili ya soko lile lile. Swali la nini kifanyike na kilo 96 zilizobaki lilichelewa kupewa nguvu. Mtambo wa majaribio wa kutengeneza gesi na umeme kutokana na makapi ulikuja kujengwa Hale katika miaka ya 2000. Tulikamata shamba, hatukukamata maswali ya maabara.

Udogo wa mashine si dawa

Baadhi ya wanafunzi wetu, wakifika hapa, hukimbilia jibu lingine: basi tuachane na mashine kubwa, tutumie ndogo. Wana sababu. Leo wakulima wadogo wa Korogwe na kwingineko wanalima mkonge na kujiunga katika ushirika, lakini mwenye ekari zake tano bado anamtegemea mwenye korona, na jani lililokatwa halimngojei. Ana ardhi, hana mashine, kwa hiyo uhuru wake ni nusu.

Hata hivyo tutazame Brazili kabla ya kushangilia. Huko Bahia wakulima wadogo wametumia kwa miongo mingi kimashine kidogo kinachohamishika kutoka shamba hadi shamba. Mfanyakazi hulisukuma jani kwa mkono wake mwenyewe kuelekea kwenye visu vinavyozunguka. Mashine hiyo imekata vidole na mikono ya watu wengi, na vijiji vya huko vinawajua walemavu wake. Mashine ndogo nayo yaweza kuwa katili, kama aliyeibuni alihesabu singa bila kuhesabu vidole.

Hitimisho

Marx alionyesha kwamba wafanyakazi walihitaji muda na uzoefu kabla ya kutofautisha mashine na jinsi mtaji unavyoitumia. Wale waliovunja mashine za kufumia huko Uingereza kuanzia mwaka 1811 hawakuwa wajinga. Walikuwa wameona mkate wao ukiondoka. Tofauti hiyo ni ya lazima, na ndiyo nusu ya ukweli iliyomo katika hoja ya panga. Nusu iliyosahauliwa ni kwamba mahusiano ya watu huingia ndani ya chuma chenyewe: katika ukubwa wake, katika mwendo wake, katika mahali mkono wa mfanyakazi unapowekwa.

Kwa hiyo kada anapofika kijijini au kiwandani, na mashine mpya inashushwa, iwe trekta, korona au kompyuta, haitoshi kuuliza ni ya nani. Hana budi kuuliza mambo manne. Kwanza, nani aliamua kwamba hili ndilo tatizo la kutatuliwa? Pili, nani anamiliki mashine, na pia nani anamiliki maarifa ya kuitengeneza na kuibadili? Tatu, mashine hii inadai watu wapangwe vipi, na je, wamekubali? Nne, atakayepoteza ni nani, na hasara yake imeandikwa katika daftari la nani?

Maswali haya hayapingi sayansi. Bila sayansi mkulima wetu atabaki na jembe la mkono na mgongo uliopinda, na hakuna ujamaa unaoweza kujengwa juu ya uchovu. Tunachokataa ni kuipokea sayansi kama mvua, kana kwamba haina mwenyewe. Mkata mkonge hakuulizwa mwaka 1893 wala mwaka 1954. Wajibu wetu ni kuhakikisha kwamba safari hii anaulizwa kabla mashine haijaagizwa, na kwamba jibu lake lina uzito katika kikao kinachoamua.