Dalali, Askari au Wakala? Uhakiki wa Istilahi za Deni la Kodi ya Halmashauri

Miongoni mwa kazi zinazomfikia mfasiri wa Kiswahili siku hizi ni barua ambazo halmashauri za England huwapelekea wakazi wanaodaiwa kodi. Wapo Waswahili wanaoishi huko, na wengine hutegemea tafsiri ili waelewe wanachotakiwa kufanya. Neno moja likipotoka katika barua ya namna hiyo, anayeumia si mfasiri bali ni aliyeipokea. Katika makala haya tunazihakiki istilahi nne ambazo, kwa maoni yetu, zimekuwa zikifasiriwa kwa haraka mno.

Kwanza ni jina la kodi yenyewe. Kodi hii ilianza tarehe 1 Aprili 1993, ikachukua nafasi ya kodi ya kichwa iliyozusha ghasia mjini London mwezi Machi 1990. Wako wanaoiita "kodi ya nyumba". Jina hilo halifai hata kidogo, kwa kuwa kodi ya nyumba ni fedha ambazo mpangaji humpa mwenye nyumba. Wengine huiita "kodi ya majengo". Nalo limekwisha kuwa na kazi yake: nchini Tanzania ni kodi ambayo sheria inamtwika mwenye jengo, ingawa tangu Agosti 2021 hukatwa katika ununuzi wa umeme. Kodi ya England kwa kawaida humwangukia anayeishi katika nyumba, hata akiwa mpangaji. Basi mpangaji akisoma "kodi ya majengo" ataiweka barua kando, akidhani kuwa ni shauri la mwenye nyumba, na huku deni linakua. Tunapendekeza "kodi ya halmashauri", na inapotajwa kwa mara ya kwanza yaongezwe maneno "ilipwayo na mkaaji".

Pili ni jina la mtu anayekuja mlangoni. Waingereza wenyewe walilibadili: tangu tarehe 6 Aprili 2014, sheria yao ya mwaka 2007 ilipoanza kutumika katika sehemu hii, neno la zamani "bailiff" liliondolewa katika lugha ya sheria na kuwekwa "enforcement agent", ijapokuwa watu wa kawaida wangali wakilitumia lile la kwanza. Wafasiri wetu wamekimbilia "dalali", kwa kufuata "dalali wa mahakama" wa Tanzania. Katika nyaraka za mahakama zetu istilahi hiyo ina mahali pake, wala hatuna ugomvi nayo. Lakini likiachwa peke yake, neno dalali humfanya msomaji amfikirie mtu wa mnada, au yule anayetafutia watu vyumba vya kupanga. Mtu akiandikiwa kwamba "dalali atafika nyumbani kwako", anaweza kuamini kuwa nyumba imekwisha kuuzwa.

Wako pia waliotumia "askari". Kosa hili ni kubwa zaidi, maana askari akibisha hodi, raia mwema hufungua mlango. Mtu tunayemzungumzia, kwa amri ya deni hili, hukamata vitu wala si watu; na katika ziara yake ya kwanza hana ruhusa ya kuvunja mlango wala kumsukuma mtu ili apite. Sheria inamtaka atoe taarifa ya siku saba kamili kabla ya kuja, na kwa kawaida aje kati ya saa 12 asubuhi na saa 3 usiku. Neno "askari" linayafuta yote hayo. Tunapendekeza "wakala wa kukamata mali". Neno wakala linaonyesha kuwa ametumwa na mwingine, na maneno yanayofuata yanaonyesha mpaka wa alichotumwa.

Tatu ni vitenzi. Tumesoma "kufilisi", "kutaifisha" na "kunyang'anya" vikitumika kana kwamba ni kitu kimoja. Kufilisi ni kumwondolea mtu mali zote. Kutaifisha ni kazi ya dola. Kunyang'anya ni jinai. Sheria inazitenga hatua tatu: kuzuia mali, kuihamisha na kuiuza, na kila hatua ina taratibu zake. Kanuni za mwaka 2014 ziliweka ada ya pauni 75 deni linapokabidhiwa kwa wakala, na pauni 235 nyingine anapofika nyumbani. Hapa ndipo msomaji anapopaswa kuelewa kwamba kujibu barua mapema kunampunguzia gharama. Vilevile, si kila kitu hukamatwa: nguo, kitanda, jiko na friji za matumizi ya lazima huachwa, pamoja na zana za kazi zisizozidi thamani ya pauni 1,350. Anayefasiri zana hizo kuwa "vifaa vya biashara" anamfanya mwenye duka adhani kuwa bidhaa zake zimekingwa, na fundi cherehani adhani kuwa cherehani yake haimo.

Nne, na ndiyo yenye hatari kuliko zote, ni hati ambayo mdaiwa huombwa kutia sahihi. Wengine huiita "makubaliano ya kulipa". Ni kweli kwamba ndani yake mna ahadi ya kulipa kwa awamu; lakini kiini chake ni kwamba vitu vilivyoorodheshwa vimezuiliwa, mdaiwa haruhusiwi kuviuza wala kuviondoa, na akivunja ahadi wakala anaweza kurudi na, baada ya kutoa taarifa, kuingia hata kwa nguvu. Yaani sahihi ile inaugeuza mlango uliokuwa kinga yake. Jina linaloficha jambo hilo, hata likiwa tamu, si tafsiri. Tunapendekeza "mkataba wa mali iliyozuiliwa".

Huenda wasomaji wakasema kuwa mapendekezo yetu ni marefu. Ni kweli, na ufupi ni sifa njema ya istilahi. Hata hivyo, katika nyaraka za madai usahihi hutangulia, kwa sababu msomaji hasomi kwa kujiburudisha: anasoma ili ajue kama afungue mlango, atie sahihi, au apeleke fedha. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali wayapime maneno haya katika kazi zao, na watuletee yaliyo bora zaidi.