Sikilidi Wakubwa Kwenye Kioo Kimoja: Wanavyopangwa Wasiuane

Chukua perege madume wawili wa ukubwa wa kiganja, uwatie kwenye tangi la kioo la futi nne, sebuleni, hapa Bagara, Babati. Mara nyingi haipiti siku. Kwanza rangi zinakolea na mapezi ya mgongoni yanasimama. Wanajipanga ubavu kwa ubavu, kila mmoja akipiga mkia ili amsukumie mwenzake wimbi la maji. Kisha wanageukiana, wanapanua vifuniko vya mashavu, wanashikana midomo na kuvutana huku na huku. Mmoja akiachia, papo hapo rangi yake inapauka, mapezi yanalala, naye anakwenda kujibana juu kwenye kona, nyuma ya hita, mdomo ukigusa uso wa maji.

Hapo ndipo mwenye tangi husema wameshazoeana. Hawajazoeana hata kidogo. Yule wa kona haruhusiwi kushuka kula, na baada ya siku chache ubavu wake utakuwa umetoka magamba, pezi la mkia limechanika, na ukungu mweupe umeanza kuota kwenye vidonda.

Perege hao hao wakiwa Ziwa Babati hawafiki huko. Aliyeshindwa huogelea mita kadhaa, akatoka kwenye himaya ya mwenzake, na ugomvi umekwisha. Kwenye kioo hakuna pa kutokea. Mshindi anaendelea kumwona adui ambaye, kwa akili ya samaki, amegoma kuondoka. Ndiyo maana sizipi uzito mkubwa zile orodha za wauzaji, kwamba samaki fulani ni mpole na fulani ni mkali. Ukali upo, lakini kinachoamua nani ataishi ni namna tangi lilivyopangwa, na aliyelipanga ni mtu.

Familia ya sikilidi ni pana. Perege na sato wamo, furu wa Ziwa Victoria wamo, na kuhe wa Ziwa Tanganyika, anayefika sentimita 80 na kuzidi, ndiye anayetajwa kuwa mkubwa kuliko wote. Kuhe si samaki wa sebuleni, tusidanganyane. Wakubwa wanaofugika nyumbani ni kama frontosa wa Tanganyika, mwenye mistari myeusi na nundu kwenye paji la uso, anayefika sentimita 30 na zaidi kidogo. Oska wa mito ya Amazon, wa kimo hicho hicho. Na flawahoni, chotara aliyetengenezwa na wafugaji wa Malaysia miaka ya 1990. Huyu wa mwisho nitammaliza kwa sentensi moja: anakaa peke yake.

Kabla ya tabia, angalia maji. Frontosa amezoea maji ya Tanganyika, magumu na yenye pH inayokaribia 9. Oska ametoka kwenye maji laini yanayoelekea uchachu. Ukiwachanganya, mmoja ataishi akiwa amechoka, na samaki aliyechoka ndiye anayeonewa. Maji ya kisima chako yakiwa magumu, yanamfaa frontosa kuliko oska. Yapime kwanza, kwa maana visima havifanani. Baridi nayo ni ya kuhesabiwa. Babati iko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai chumba kinapoa, wakati frontosa anataka nyuzi 24 hadi 27. Hita si pambo.

La pili ni mdomo. Sikilidi mkubwa haoni dhambi kumla jirani anayeenea kinywani. Frontosa ni mfano mzuri kwa sababu wengi humwona mpole: anaogelea polepole, hana papara, haanzishi ugomvi. Ziwani, samaki huyu mpole huamka kabla ya jua na kuwawinda Cyprichromis, samaki wembamba wanaoelea kwa makundi, wakati bado wamezubaa kwa giza. Nyumbani atafanya vile vile. Asubuhi unakuta wadogo wamepungua na maiti huioni. Lililotokea hapo ni chakula cha alfajiri, wala si ugomvi, na upole wake haukubadilika.

Upande wa pili yuko kambale, ambaye watu wa Babati humjua vizuri na kwa hiyo humwamini. Wafugaji wa mabwawa huwachanganya kambale na perege makusudi: perege huzaana kupita kiasi, kambale anakula vifaranga, bwawa halijai samaki waliodumaa. Mpango huo ni mzuri bwawani, tena kwa sharti kwamba perege wametangulia kukua. Kwenye kioo unageuka. Kambale hufika zaidi ya mita moja, huwinda usiku, na perege aliyelala hana pa kujificha. Anayetaka samaki wa chini wa kukaa na frontosa amtafute ngogogo wa Tanganyika, mwenye miiba ya kumlinda na kimo cha kutomezeka. Ila naye ana hila yake. Mwaka 1986 mtafiti wa Kijapani, Tetsu Sato, alieleza jinsi ngogogo mwenye madoa, Synodontis multipunctatus, anavyopenyeza mayai yake kati ya mayai ya sikilidi wanaotamia mdomoni. Vifaranga vya ngogogo huanguliwa mapema na kuwala watoto wa mwenye kinywa. Kwa hiyo ukitaka vifaranga vya frontosa, ambaye naye hutamia mdomoni, usiweke ngogogo huyo.

Sasa nafasi, na hapa ndipo pesa inapokwenda. Tangi la sentimita 120 kwa 45 kwa 45 linachukua lita 243, na kwangu hilo, kwa frontosa, ni tangi la kulelea, si la kuishi. Kundi la frontosa linataka sentimita 180 kwa 60 kwa 60, yaani lita 648. Maji peke yake ni kilo 648, bado kioo, mchanga na mawe. Meza ya sebuleni haiwezi. Nenda kwa fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya paipu za mraba, na fundi wa vioo atumie kioo cha milimita 12 na silikoni isiyo na dawa ya ukungu. Utasikia watu wakisema samaki hukua kulingana na tangi. Anachofanya ni kudumaa, na aliyedumaa hapungukiwi na ugomvi.

Lita hazitoshi kama samaki anaona tangi zima kutoka pembe moja. Ronald Oldfield wa Marekani, katika utafiti wake wa 2011 juu ya sikilidi wa Nikaragua wanaofugwa majumbani, aliona kwamba kuongeza ukubwa kidogo tu hakubadilishi kitu. Ukali ulishuka pale mazingira yalipokuwa makubwa kweli na yenye vizuizi. Jenga basi marundo mawili au matatu ya mawe, kila rundo likifika zaidi ya nusu ya kimo cha maji, ili aliyefukuzwa apotee machoni. Mawe yakae juu ya sakafu ya tangi, mchanga umwagwe baadaye. Ukianza na mchanga, perege dume atachimba kiota chake chini ya rundo na jiwe litakwenda kwenye kioo.

Idadi huwachanganya wengi kuliko yote. Mtu akiogopa ugomvi hununua wawili, dume na jike. Kwa sikilidi wakubwa hiyo ni hatari kuliko kununua wanane. Konrad Lorenz, katika kitabu chake cha 1963 juu ya uchokozi, alieleza matangi mawili yaliyopakana, kila moja na dume na jike, kioo katikati. Madume walitishana kupitia kioo na nyumba zao zikatulia. Kioo kilipofifia kwa mwani, madume wakaanza kuwageukia wake zao. Kuwa na jirani wa kumfokea kulikuwa na faida kwa jike. Kwa frontosa, weka dume mmoja na majike watatu hadi watano, ukali ugawanyike asibebeshwe mmoja. Wengi wakiwa ndani, uchafu nao ni mwingi: badilisha theluthi ya maji kila wiki, na ya bomba yenye klorini yalale kwenye ndoo wazi usiku kucha kwanza. Uwe pia na pampu ya hewa ya betri, kwa sababu umeme ukikatika usiku, frontosa hana uvumilivu wa perege kwenye maji yaliyopungukiwa hewa.

Mpangilio wa kuwaingiza nao una kanuni. Wadogo wa umri mmoja waingie siku moja. Wakiwa wa aina tofauti, dhaifu atangulie, mbabe awe wa mwisho. Ukiongeza mgeni kwenye tangi la zamani, zima taa na uhamishe mawe kwanza, ili kila mmoja ajikute hana himaya ya kutetea.

Na mbabe akishaanza kuonea, mtoe yeye, si anayeonewa. Sababu yake ilionekana kwa Astatotilapia burtoni, sikilidi mdogo wa kingo za Tanganyika. Mwaka 2007 Grosenick, Clement na Fernald walichapisha katika jarida la Nature jaribio ambalo samaki mtazamaji aliwaona madume watano wakishindana wawili wawili. Baadaye alipowekewa wawili ambao hakuwahi kuwaona wakipambana, alisogea upande wa aliye dhaifu zaidi. Alikuwa amepanga ngazi nzima kwa kutazama tu. Ukimtoa aliyeshindwa na kumtibu, tangi zima linamkumbuka anaporudi. Ukimtoa mbabe kwa wiki moja, kiti chake kinapata mwingine, naye anarudi kama mgeni.

Hukumu yangu kwa Bagara: mwenye nafasi na stendi ya chuma aanze na frontosa wachanga wanane, akiwatoa madume wa ziada wanapokua. Mwenye tangi la lita 243 afuge perege dume mmoja na aridhike.

Tangi likikushinda, usiende kumwaga samaki wako Ziwa Babati. Sato alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950. Kwa sababu yake, ya sangara na ya uvuvi uliokithiri, ngege aliyekuwa samaki wa mezani wa ziwa lile amebaki zaidi kwenye viziwa vya pembeni. Mpe mfugaji mwingine, au uliza ofisi ya uvuvi ya halmashauri.