Familia Iliyotoka kwa Malkia

Katika kabati langu la vitabu mna kitabu kimoja kikubwa cha picha za wachoraji wa Denmark. Niliachiwa na mwalimu mmoja wa nchi hiyo tuliyefundisha naye chuo kimoja kwa miaka miwili. Siku alipokuwa akifunga mizigo yake alisema kwamba kitabu kile kilikuwa kizito mno kupanda nacho ndege. Kwa muda mrefu nilikuwa nikikifungua kama mtu afunguavyo dirisha la chumba cha wageni, kuingiza hewa tu, kisha nikakirudisha. Picha moja ndiyo iliyonishika, na hadi leo haijaniachia.

Ni picha ya familia ya mfanyabiashara Mendel Levin Nathanson, aliyoichora Christoffer Wilhelm Eckersberg mwaka 1818. Wazazi ndio kwanza wanaingia nyumbani, wamevaa nguo zao za heshima, kwa kuwa wametoka kuonana na malkia. Watoto wanane wanawapokea. Kuna kinanda, na kuna watoto walioshikana mikono wakicheza kwa mduara. Ukuta ni mtupu, sakafu iko wazi, vyombo vya nyumbani ni vichache. Watu wamepangwa kwa mstari kutoka upande mmoja hadi wa pili, kila mmoja akiwa na nafasi yake na mwanga wake.

Jioni moja mke wangu alipita nyuma yangu, akainama kutazama.

"Baba Asha," akauliza, "hawa wanasherehekea au wanakaguliwa?"

Nikamjibu kwamba ni watu wanaofurahi nyumbani kwao. Akasema, "Haya," kwa namna ile ambayo mke humwachia mume ushindi asioustahili. Insha hii ni jaribio langu la kumjibu upya, maana nimekuja kutambua kwamba swali lake lilikuwa tahakiki bora kuliko maelezo ya kitabu kizima.

Kwanza tumjue mwenye nyumba. Nathanson alizaliwa mwaka 1780 katika mji wa Altona, ambao wakati ule ulikuwa chini ya mfalme wa Denmark ingawa ulikuwa ubavuni mwa Hamburg. Alikuwa Myahudi. Alikwenda Copenhagen angali mtoto kwa jamaa zake, akajifunza biashara, na kabla hajatimiza miaka 20 alikuwa amekwisha kusimama peke yake. Baadaye aliingia katika kampuni ya Meyer & Trier, akawa miongoni mwa wafanyabiashara wakubwa wa mji ule. Wala haukuwa wakati mwepesi. Mwaka 1807 Waingereza waliupiga mizinga mji wa Copenhagen na kuchukua manowari zake. Januari 1813 serikali yenyewe ya Denmark ilifilisika, na mwaka uliofuata nchi ikaipoteza Norway. Katika miaka hiyo ya dhiki Nathanson alikuwa na mali, na sehemu ya mali hiyo aliitumia kuwalipa wachoraji.

Hapo ndipo watu wengi wanapoishia. Husema: alikuwa tajiri, alipenda sanaa, akamsaidia Eckersberg, ambaye baadaye aliitwa baba wa uchoraji wa Denmark, sifa njema kwa wote wawili. Mimi naona kwamba kusema hivyo ni kuisoma barua kwa kutazama stempu yake. Tuulize alinunua picha gani, na lini.

Mwaka 1813 mshairi Thomas Thaarup alitafsiri kitabu cha Kijerumani kilichowashambulia Wayahudi, na baada ya hapo wasomi wa Copenhagen wakaingia katika ugomvi mkubwa wa maandishi, huyu akiwalaani Wayahudi na yule akiwatetea. Mwalimu, padre, mshairi, kila mmoja alikuwa na neno la kusema juu ya jirani zake. Tarehe 29 Machi 1814 mfalme Frederik wa 6 alitoa amri iliyowapa Wayahudi wa nchi yake ruhusa ya kutafuta riziki kama raia wengine, nao wafuate sheria zile zile. Nathanson alikuwa mmoja wa watu waliohangaikia jambo hilo. Na katika miaka hiyo hiyo, Eckersberg akiwa Roma, Nathanson alimwagiza picha ya Musa na Waisraeli baada ya kuvuka Bahari ya Shamu.

Sidhani kwamba hilo lilitukia kwa bahati tu. Tajiri aliyetaka kupamba ukuta angeweza kuagiza mandhari ya Roma, magofu na machweo, vitu ambavyo Eckersberg alivichora kwa ustadi wa ajabu. Huyu aliagiza habari ya watu waliokuwa wakifukuzwa, ambao sasa wako ng'ambo, wameokoka. Amri ya 1814 ilikuwa bahari yake, na alitaka mkono wa mchoraji Mkristo, mwana wa Denmark, ushuhudie kwamba watu wake wamevuka.

Sasa rudi kwenye picha ya 1818. Miaka minne imepita tangu amri ile. Nathanson hahitaji tena Musa. Anajileta mwenyewe, mkewe Esther na watoto wao. Na ni saa gani aliyochagua kuonyeshwa? Angeweza kuchorwa dukani kati ya vitabu vya hesabu, au mezani, au sikukuu ya dini yake. Amechagua saa ya kurudi kutoka kwa malkia. Picha yote inasema neno moja kwa adabu kubwa: tumepokelewa. Tazameni mavazi yetu, tazameni watoto wetu wanavyojua muziki na kucheza kama watoto wa nyumba yoyote njema ya mji huu. Je, kuna kitu kinachokosekana?

Ndiyo maana nasema swali la mke wangu lilikuwa sahihi. Aliyezoea kuambiwa kwamba hapa ni kwake hajipangi namna ile sebuleni mwake. Tumezoea kumfikiria mfadhili kuwa ni mtu mwenye kutoa, na msanii kuwa ni mwenye kupokea. Hapa mwenye fedha ndiye mwombaji. Anamlipa mchoraji ili amwandikie ombi, na ombi lenyewe linaelekezwa kwa kila mtu atakayesimama mbele ya picha ile. Ukuta mtupu ambao wengine huuona kuwa ni unyofu wa mtindo wa Eckersberg, mimi nauona pia kuwa ni tahadhari: pasiwe na kitu cha fahari kitakachomkera mtazamaji, wala kitu cha dini kitakachomkumbusha. Wachezaji wameinua miguu, lakini huoni kama itashuka. Kama tungeihukumu kuwa picha ya furaha tu, tungesema ina ukavu. Tukiihukumu kuwa picha ya watu wanaongoja jibu, ukavu ule unageuka kuwa ukweli, na hapo nampa Eckersberg heshima yake: hakuwadanganya waliomlipa.

Jibu halikukawia. Septemba 1819, mwaka mmoja tu baadaye, makundi ya watu yaliingia mitaani Copenhagen yakavunja madirisha ya nyumba na maduka ya Wayahudi, hata ikabidi askari waitwe. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hiyo ni nzuri, lakini haisemi lini aliyekwisha kupewa jembe, akalima, akavuna na kulisha wenyeji, ataacha kuitwa mgeni.

Mwaka 1820 Eckersberg aliwachora mabinti wawili wakubwa wa Nathanson, Bella na Hanna. Mmoja tunamwona uso mzima, mwingine ubavu. Wapo karibu na meza yenye vifaa vya kushonea, na juu yao amening'inia kasuku ndani ya tundu. Wengi wameandika juu ya tundu lile, nami sitaongeza. Nitasema tu kwamba hakuna tena malkia wala muziki, na kwamba picha hii ni bora kuliko ile ya kwanza, kwa sababu hapa hakuna anayejitahidi kumpendeza mtu.

Haifai kumsifu Nathanson bila kumhoji. Tangu mwaka 1805 alikuwa miongoni mwa walioanzisha shule ya bure kwa wavulana maskini wa Kiyahudi, na mwaka 1810 ikafuata ya wasichana. Hayo ni matendo, nayo yanadumu kuliko rangi. Lakini njia aliyoiamini ya watu wake kukubaliwa ilikuwa kufanana na wenyeji, mpaka mwisho wa kufanana: yeye mwenyewe alibaki Myahudi, bali watoto wake walibatizwa. Wale waliokuwa wakicheza mduara mbele ya Eckersberg walivuka bahari nyingine, ambayo baba yao hakuivuka. Siwezi kumhukumu mzazi aliyetaka wanawe wasivunjiwe madirisha. Hata hivyo nauliza: kama mlango unafunguliwa kwa sharti la kuacha jina la babu nje, ni mlango au ni tundu?

Biashara yake ilianguka mwaka 1831. Wengi wa rika lake wangeingia ndani na kufunga mlango. Yeye aligeukia kalamu. Mwaka 1836 alitoa kitabu kikubwa cha takwimu na historia ya uchumi wa Denmark, na mwaka 1838 akawa mhariri wa gazeti la Berlingske Tidende, kazi aliyoifanya kwa miaka 20, kisha akairudia kwa muda mfupi katika miaka ya sitini ya karne ile. Katiba ya 1849 ilipoondoa vizuizi vya dini vilivyobaki, alikuwa karibu na umri wa miaka 70. Na mwaka 1860, mzee wa miaka karibu 80, alichapisha historia ya hali ya Wayahudi wa Denmark. Alifariki mwaka 1868.

Kitabu kile cha 1860 ndicho kinachonifanya nimtazame tena yule baba wa kwenye picha kwa upole. Mtu aliyekuwa ametumia ujana wake kuionyesha dunia kwamba yeye na wao hawana tofauti, uzeeni aliketi kuandika tofauti ile ilikuwa imewagharimu nini watu wake. Utajiri ulimpa picha. Umaskini ulimpa sauti. Picha zimebaki katika jumba la taifa la sanaa mjini Copenhagen, ambako watoto wa shule husimama mbele yake na kuambiwa kwamba hii ni familia ya Kidenmark ya zama zake. Ombi limejibiwa, basi, ila mwombaji hayupo kusikia.

Nilipomaliza kuandika nilimsomea mke wangu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: huyo Esther, mama wa watoto wanane, aliporudi kutoka kwa malkia alisema nini? Nikamwambia picha haisemi.

"Basi," akasema, "mimi ningependa kumsikia huyo."